Pijo, Nusu Lita

Bi Mbodze alikuja na daftari kwapani
na moshi mgongoni,
moshi wa buluu, buluu ya kanga iliyofuliwa mara mia,
ukampita, ukafika benchini pangu kabla yake.
"Watatu wameshaniambia," akasema,
"injini imekufa, niizike.
Wewe ni wa nne. Sema upesi, duka nimemwachia mtoto."

Sikusema upesi.
Kwanza nilinusa.
Moshi mweupe ungekuwa maji, ningeishuku gasketi.
Mweusi ungekuwa petroli, ulafi wa kabureta.
Huu ulinuka kikaango kilichosahauliwa jikoni.
Oili. Inaungulia ndani, hilo halina ubishi.
Lakini inaingilia wapi?
Nyumba inayoibiwa ina mlango na ina dirisha,
na mwenyewe akilia tu
hujui ufunge kipi.

Nikatandika kadibodi, nikaingia uvunguni.
Sampu kavu. Sili ya nyuma kavu.
Mchanga wa Barani haukuwa na doa
ila la chai yangu ya asubuhi.
Nikachomoa bomba la kupumulia, nikapuliza:
pumzi ikapita, ikaniachia uchungu ulimini.
Zikabaki mbili basi:
ringi za pistoni, au sili za valvu.
Ringi ni kufumua injini nzima,
ni kuuza mbuzi wawili na kukopa wa tatu.
Sili za valvu ni vijipira vinane,
ukivishika vyote havijazi kiganja.

"Inatoa moshi lini?"
Watu hunijibu: kila saa. Hunijibu: siku zote.
Hofu haina saa.
Bi Mbodze akafungua daftari,
lile la madeni, la duka lake la Kisumundogo,
na kati ya Chengo, unga kilo mbili,
na mama Rehema, sabuni na kiberiti,
nikasoma:
*Pijo, nusu lita.*
*Pijo, robo. Mariakani na kurudi.*
*Pijo, nusu lita. Wiki ya harusi, washa zima, washa zima.*
*Asubuhi moshi. Mchana hakuna.*

Wenyewe husema mficha maradhi kifo humuumbua.
Huyu hakuficha hata kijiko.
Gari lilikuwa mdaiwa kama wadaiwa wengine,
lina tarehe, lina mwandiko wa kulalia kushoto,
ila lenyewe halikuwahi kupunguza.

Nikafuata mistari kwa kidole cha grisi,
akanikemea, nikafuata kwa kalamu.
Mariakani, mzigo wa nazi hadi darini: robo tu.
Mjini humu humu, soko na duka: nusu nzima.
Ringi zilizokwisha hula mlimani, mguu ukikanyaga.
Hii ilikula ikiwa imelala, ikila tena ikiamshwa.

Nikapima silinda.
Ya kwanza, ya pili, ya nne, ndugu wa tumbo moja.
Ya tatu nyuma kidogo.
Nikaitilia kijiko cha oili, nikapima tena,
mshale ukapanda, si sana, ukapanda.
"Hii imechoka," nikasema, "sikufichi.
Ina mwaka, pengine miwili.
Lakini mwizi wako yuko juu, kwenye valvu.
Liache lilale hapa, kesho uje uliwashe mwenyewe."

Akaja kabla ya jua, kanga kichwani, bila salamu.
Akazungusha ufunguo.
Pijo ikakohoa wingu moja la buluu,
kohozi la usiku,
kisha ikasafisha koo na kunyamaza.
"Kanyaga."
Akakanyaga. Hewa tupu.
"Kanyaga tena."
Kuku wa jirani ndio waliolalamika.

Siku ya tatu alilipa nusu.
Akafungua daftari, akaandika mbele yangu:
*Fundi Shebe, vijipira vinane, nusu bado.*
Sasa mdaiwa ni yeye, na mwandiko ni ule ule.
Jina la Pijo hakulifuta.
Aliacha mstari mtupu chini yake,
akanitazama,
"Huu," akasema, "ni wa ile ya tatu."