Daftari la Bi Ostrander

Mpira huu haukuumbwa duara.
Umechongoka huku na huku, kama yai la bata
lililobanwa mlangoni. Ukianguka, hauna kwao.

Ijumaa tatu mfululizo Corwin Vlasek ameuangusha,
na mji mzima wa Tilden Forks, Nebraska,
kuanzia kwa kinyozi hadi mimbarini, unajua sababu:
baba yake kauza ng'ombe wa mwisho.
Moyo ukiyumba, wanasema, mkono huteleza.
Kocha kamwamuru aubebe wiki nzima,
darasani, chooni, kanisani;
akalala nao kama mzazi na kichanga.

Bi Ostrander, mwalimu wa hesabu,
ana daftari la misimu kumi na tisa.
"Sarafu," asema. "Ni sarafu tu hii.
Haikumbuki ilivyoanguka jana."
Kisha anapangusa miwani isiyo na vumbi.

Ijumaa ya nne. Baridi inang'ata masikio.
Corwin anaukumbatia kwa mikono miwili,
anakimbia kama aliyeiba,
na bega la mtu lampata
pale pale, mbavuni.
Unaruka. Unadunda kushoto, unageuka kulia,
unamfuata Dewey Hruska wa upande wa pili
aliyelala chali akipapasa kiatu chake kilichochomoka,
unatua kifuani pake.

Jumamosi, kwa kinyozi, moyo wa Corwin
unapasuliwa tena, mshipa kwa mshipa.
Wa Dewey hakuna anayeuulizia.

Bi Ostrander anaandika: moja.
Kalamu inakwama kidogo
kabla ya nukta.