Lipa

Huku mti huu wanauita lipa.
Siku ya kwanza nilicheka peke yangu ndani ya gari la Vendelín,
maana neno hilo nimelikimbia miaka mingi,
mlangoni, kwenye simu, kwenye karatasi yenye muhuri,
na sasa nimelifuata kwa miguu yangu mpaka Moravia
nikiwa na kofia ngumu, na keekee begani.

Umesimama nyuma ya nyumba ya Bibi Zdislava,
mashina mawili juu ya shina moja.
Pale yanapoachana gome limejikunja ndani
kama karatasi iliyosahauliwa kati ya mbao mbili zenye gundi.
Ukitazama, zimeshikana. Hazijashikana.
Vendelín aliingiza kisu kwenye ufa,
kikazama mpaka mpini.

Kwetu tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Nilimwambia. Akatikisa kichwa.
Walishauziba, akasema, enzi za baba yake bibi huyu,
kwa ndoo saba za saruji.
Maji yakatuama nyuma ya saruji, uozo ukapata nyumba,
na mti ukaliwa ndani kwa ndani, mdomo umefungwa.

Kwa hiyo hatuzibi. Tunashika.
Chini, kwenye panda, fimbo mbili za chuma,
nati huku, nati kule.
Unga wa mbao ulitoka mweupe, kisha wa kahawia,
kisha hakikutoka kitu,
na mlio wa keekee ukabadilika
kama hatua za mtu aliyeingia chumba kisicho na samani.
Vendelín alifumba macho, akapima kwa sikio
mbao nzima iliyobaki ni vidole vingapi.

Juu, theluthi mbili za urefu, kamba.
Nyeusi, ya nailoni, inayonyumbuka,
na wala hataki niikaze.
Vuta. Basi. Legeza.
Legeza tena.
Nilidhani nimekosea kazi.
Tulipokuwa tukila mkate na figili akanieleza:
mti usioyumba huacha kujijengea mifupa.
Ukiubana unazoea kubebwa,
siku kamba ikikatika hauna mguu wake hata mmoja.
Mwache ayumbe, akasema, kana kwamba ni mtu.
Mdake pale tu anapotaka kuvunjika.

Bibi Zdislava akatuletea chai ya maua ya mti huohuo,
akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mguu ameunyoosha.
Nyongani nina msumari, mrefu hivi.
Nilianguka nikifukuza bata.
Akagonga paja, akagonga shina.
Wangu wanaukagua kila Mei. Na wake?
Kila Mei, akasema Vendelín.
Basi njooni siku ileile, nivae viatu mara moja.

Halafu, bila kututazama: utapona?

Hakumdanganya. Mti haujui kupona, alisema,
unajua kuzungushia tu.
Kidonda kinabaki palepale, mbao mpya zinakipita.
Hata bolti hizi utazimeza,
na baada ya miaka ishirini
hakuna atakayezigundua isipokuwa msumeno.

Alilipa kutoka kopo la biskuti.
Zilipungua koruna mia sita.
Nilimwona Vendelín akihesabu,
akahesabu mara ya pili,
akaziweka mfukoni, akamshukuru kwa chai.

Usiku upepo ulivuma ukang'oa vigae vya jirani.
Nilikuwa macho. Ilikuwa tarehe mosi.
Kila tarehe mosi, kwa miaka sita, ninamtumia ndugu yangu,
kodi, karo, deni la bodaboda aliyoiuza,
navuta, nakaza, navuta,
na kila mwezi anaegemea zaidi kidogo.
Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

Nilifikiria ile kamba gizani,
urefu wa kiganja tulioiachia ilegee,
na kazi yote iliyomo ndani ya kile kiganja.
Sikujua nipunguze kiasi gani.
Nikatuma nusu.
Kisha nikalala nikisikiliza kama kitalia kitu.