Gunia la Chini

Nafika Mwaloni saa moja kasoro,
jivu bado lina joto chini ya buti.
Korongo wamejipanga juu ya bati lililojikunja
kama mahakimu waliokosa kesi.

Na kesi, naambiwa, imekwisha.

"Ni Bituro," anasema mama muuza chai.
"Kafukuzwa kazi Jumanne, ghala limewaka Alhamisi. Hesabu mwenyewe."
"Ni Bituro," anasema mlinzi bila kunitazama,
"nilimwona akikimbia."
Bwana Ngasa, mwenye ghala, hasemi.
Ananionyesha tu dumu la mafuta ya taa
lililoyeyuka, limelala ubavu
kama mbuzi aliyekwisha kuchinjwa.

Nafungua daftari, naandika:
Dumu moja, plastiki. Harufu ipo.
Waya wa shaba, ncha zimefanya shanga.
Ukuta wa mashariki, masizi: membamba chini, mapana juu.
Kijana alikimbia.
Neno *ushahidi* sijaliandika.
Hizi ni data, mizigo iliyoshushwa gatini
kabla hajatokea mtu kusema ni yake.

Panapofuka moshi pana moto, sawa.
Methali inaishia hapo. Mimi ndipo kazi yangu inapoanza.

Naviita kimoja kimoja, swali ni moja:
Kama si Bituro, je, ungekuwepo?

Dumu: Ningekuwepo. Ghala gani hapa halina dumu,
na umeme wenyewe unakatika kama hadithi ya mlevi?
Shanga za shaba: Tungekuwepo.
Sisi tunasema umeme ulikuwemo moto ulipotufikia.
Hatujasema tuliualika.
Na kukimbia je?
Mlinzi mwenyewe ana kiatu kimoja
na lengelenge kwenye unyayo wa pili.

Shahidi anayekubaliana na kila mtu
hajamshtaki yeyote.

Haya sikuzaliwa nayo.
Igogo, mwaka juzi, niliona shanga kama hizi
nikaandika *hitilafu ya umeme* kabla chai haijapoa.
Fundi Malimi akanyang'anywa leseni.
Baadaye ikajulikana ni jiko la mkaa, chumba cha pili.
Malimi bado ananisalimia.
Afadhali angenitukana.

Basi nazunguka tena, polepole,
upepo wa ziwani unanirushia jivu mdomoni,
ndipo msichana anayeshona magunia, Nyanjige,
ambaye hakuna aliyemuuliza,
anasema, kama anayejisemea:
"Tangu Jumatano yalikuwa ya moto mkononi. Kama sufuria ya uji."

Yapi?

"Ya dagaa wa kusaga. Chakula cha kuku.
Mvua iliwakuta vichanjani. Tukasaga hivyo hivyo.
Tukapanga kumi na mbili kwenda juu."

Bwana Ngasa anakohoa.

Nafukua. Ya juu yote ni majivu, hayana la kusema.
La chini kabisa nalipasua kwa kisu:
nje, katani bado ina rangi yake,
mshono wa Nyanjige unasomeka, mkono kwa mkono.
Katikati, mkaa.

Kiberiti kingeanza na ngozi.
Huu ulianza na moyo.

Nauliza swali lile, sasa kwa upande wa pili:
Kama ni Bituro, je, ungekuwepo?

Gunia linanyamaza.

Hapo naliandika lile neno.
Kwa penseli,
maana gunia moja ni gunia moja,
bado kuna maabara, bado kuna la jirani yake kupasuliwa,
na mimi mwenyewe nimeanza kuipenda dhana hii,
jambo ambalo silipendi.

Kituoni Kirumba, Bituro ana jicho lililofumba.
Walimpiga kabla sijavaa buti.

"Kwa hiyo," anauliza Bwana Ngasa, "ni nani?"

Korongo mmoja anashuka,
anadonoa dagaa mweusi,
anamgeuzageuza mdomoni,
anamtema.