Radhi kwa Betri ya Tatu

Nimekaa juu ya ndoo. Upepo unagonga bati
kama mtu anayedai deni lake,
nami nakuomba radhi, betri.

Ya kwanza niliiuza kwa bei ya chuma chakavu.
Ya pili niliitupia maneno
ambayo hata wakata manyoya wa Río Mayo
hawayasemi mbele ya kondoo.
Wewe nilikuleta kutoka Comodoro
kwa fedha ya buti za majira ya baridi,
na jana, kilomita arobaini kabla ya lango la kwanza,
ukazimika kama wenzako.
Taa ikawa ya manjano, ikawa ya kahawia,
honi ikalia kama mbuzi mwenye mafua,
kisha kimya, na chanjo mia mbili
kwenye sanduku la barafu iliyokwisha kuwa maji.

Nilisukuma. Pikipiki ya kilo mia na arobaini
haisukumwi; inabembelezwa.

Leo nimeazima mita kwa Edmundo Pugh,
aliyekuwa akitengeneza redio za mashamba
mpaka zikakosa wa kuzungumza nazo.
Hakunifundisha kitu. Alisema tu nisiivunje,
na ule waya mweusi umelegea, niukaze kwa kidole.

Nilianza nawe. Umelala: kumi na mbili nukta sita.
Mzima. Ulichajiwa usiku kucha kando ya jiko.
Nikawasha injini: kumi na mbili nukta tatu.
Nikaipandisha hadi mizunguko elfu tano,
jirani akafungua dirisha, akalifunga:
kumi na mbili nukta mbili.

Hapo ndipo nilipoacha kukutukana.
Kumbe ulikuwa unatoa akiba yako mwenyewe,
unalisha taa, unalisha cheche,
unalisha vishikio vya joto
nilivyofunga kwa mkono wangu, nikajisifu,
wala hapana aliyekurudishia hata tone.

Nikang'oa kiti.
Kikulacho ki nguoni mwako;
changu nilikuwa nimekikalia.

Nyaya tatu za manjano hupanda kutoka kwenye koili
na kuingia katika soketi nyeupe.
Nyeupe ya zamani. Imeungua rangi ya mkate uliosahauliwa,
pini moja imeota kutu ya kijani,
ya pili imeyeyuka ikamwegemea jirani yake.

Nikaichomoa. Nikapima upande wa koili, injini ikinguruma,
waya kwa waya: hamsini na nane,
hamsini na nane,
hamsini na tisa.
Mapacha watatu, hakuna mgonjwa.
Nikazima, nikaujaribu kila mmoja na mwili wa injini:
hakuna unaovuja.
Rektifaya nayo, na mapezi yake yote, haikuwa na kosa;
ilikuwa imekaa mezani ikingoja chakula
kilichoteketea mlangoni.

Umeme ulikuwepo. Tangu Agosti ulikuwepo.
Uliishia hapo, penye upana wa ukucha,
ukapasha moto plastiki bure,
nami ninanunua betri.

Basi nimekata. Nyaya ni fupi, kukata kunauma.
Nimesugua shaba mpaka ikang'aa kama uso wa mtoto aliyeoshwa.
Nimesokota, nimelehemu; tone la risasi
limetoboa suruali, na goti lina habari.
Nimevisha mpira wa kunywea.
Upepo umezima njiti tisa za kiberiti, ya kumi ikakubali.
Waya wa ardhi nao nimeukwangulia rangi pale fremuni,
kwa sababu sasa simwamini mtu.

Tuwashe.

Kumi na tatu na kidogo.
Kumi na nne nukta moja. Imetulia hapo.

Sikupiga kelele. Nimeifikiria ile ya kwanza,
iko wapi, imekwisha yeyushwa, imekuwa nini.

Nimepaka nguzo zako grisi.
Chini ya kiti nimeandika tarehe kwa kalamu nene,
na neno moja: SOKETI.

Kesho ni kilomita tisini, na baridi ipo.
Vishikio vya joto sitaviwasha.
Hiyo ndiyo faini yangu,
vidole vitailipa.