Njia ya Gongoni

Mtaliano aliyeniuzia alikuwa anahama, hana muda wa bei.
Nyekundu, tangi limevimba kama shingo ya fahali,
usukani uko chini, chini kabisa, karibu na gurudumu,
na kiti kama kibao cha mbuzi ya kukunia nazi.
Nikauliza: hapa mtu anakaaje?
Akacheka. Hapa hakai mtu, bwana Famau. Hapa mtu hulalia mbele.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Mimi sikutaka cha mvunguni. Nilitaka upepo.
Nikainama.

Kila asubuhi, Malindi hadi Gongoni,
kwenye ofisi ya chumvi ninakohesabu magunia,
kilomita thelathini kasoro, niko kwenye rukuu
isiyo na itidali.
Na magharibi, msikitini, imamu akishainuka,
mimi ndiye wa mwisho, mkono mmoja kiunoni,
na mzee wa kulia kwangu, sabini na ushei,
ameshasimama wima kama mwiko.

Kwanza nililaumu godoro. Kisha nikalaumu baridi.
Malindi, mwezi wa pili, nikalaumu baridi!
Barke akanikanda kwa mafuta ya ufuta na kitunguu saumu
hata paka akahama chumba.
"Kiuze," akasema, akimaanisha kile chuma.
Nikajifanya nimelala.

Mbodze wa chumba cha viungo, hospitalini,
binti mfupi mwenye vidole vya fundi wa kufuli,
alishuka pingili moja moja kama avutaye tasbihi,
akafika pale. Nikaita jina la mama.
Hakuniambia niuze.
"Unaning'inia kwenye usukani kama nguo kambani," alisema.
"Uzito wote viganjani, tumbo limelala usingizi.
Bana tangi kwa mapaja. Kaza tumbo, kidogo tu,
kama unayengoja ngumi ya mtoto.
Viwiko vilegee, uweze kupiga mbawa kama kuku.
Jikunje kwenye nyonga, si hapa kiunoni.
Na ukifika darajani, shuka. Hata kama huumwi.
Hasa kama huumwi."

Fundi Ngowa naye, Kisumu Ndogo, akiupandisha usukani
inchi mbili kwa vyuma alivyovichonga mwenyewe,
aliushika mnyororo, akautikisa:
"Ukikazwa mno, unakatika. Ukilegezwa mno, unachopoka.
Uachiwe vidole viwili vya kupumulia."
Nikadhani anasema nami. Alikuwa anasema na mnyororo.

Basi sasa, daraja la Sabaki, naegesha.
Maji mekundu yanapita na vijiti vyake.
Nashika ukingo, nasukuma makalio nyuma, najinyoosha,
helmeti bado kichwani,
kama kiboko aliyevishwa chungu.
Watoto wa shule wamenizoea. Mmoja huniiga, tena vizuri.

Jumanne kijana wa bodaboda alisimama.
"Mafuta yamekwisha, mzee?"
Ya pikipiki yapo, nikasema. Yaliyokwisha ni yangu.
Hakucheka. Alishusha abiria wawili na gunia la makaa,
akaweka ngumi pale pale, juu ya mkanda.
"Mimi tangu Krismasi," alisema.
"Najifunga leso ya mama, nameza Panadoli mbili, natoka."
Anaitwa Ngumbao. Saa kumi na nne kwa siku,
Mambrui, Marikebuni, Mambrui, na njia yenyewe mashimo.
Nikaitazama nyekundu yangu, nikaona haya:
mimi naumwa na nilichokitaka.

Nikamwonyesha: miguu hivi. Nyonga, si kiuno. Pumua.
Abiria mmoja, mama, akauliza hiyo ni dini gani.
Tulikaa tumeinama hapo, sijui, dakika mbili,
malori ya chumvi yakitutikisia daraja,
na mgongo wake ukalia ko, kama komeo la mlango,
naye akasema, uso ukiwa bado chini,
"Hebu tena."