Tuta la Kumi na Tatu

Mama hakuwapa majina.
Jina, alisema, ni kamba: ukimfunga mnyama nalo,
siku akizama utavutwa naye.
Aliwapa namba. Hamsini na Mbili alikuwa jike
mwenye alama ya kwato iliyovunjika ubavuni,
na mama alimtambua kwa mbali
kama mtu anavyotambua mwandiko wa dada yake.

Mimi alinipa jina, Saimi.
Alilichota humohumo, ziwani Saimaa,
kwa hiyo hata mimi ni mali ya maji yale.

Nilizaliwa Aprili.
Aprili barafu hulainika, watoto wa sili hutoka mapangoni,
na mama hayupo.
Keki nilikatiwa na baba, mishumaa nikaipuliza
mbele ya kiti chenye koti lake tu.
Nilipotimiza miaka tisa nilimwandikia barua:
Nikiota manyoya, utanihesabu?
Hakujibu. Juzi nimeikuta
katikati ya daftari la mwaka ule.
Nyuma yake ameandika kina cha maji,
upepo wa kaskazini, sili watatu.

Aliandika kwa penseli maisha yake yote.
Wino huganda, alisema. Penseli haina kiburi.
Madaftari arobaini na moja.

Kuna ukurasa ambao hakupenda niusome:
mwaka wa kwanza wa kazi, mwezi wa Mei,
mtoto wa sili wavuni, macho wazi,
na wavu una fundo la mkono wa kushoto
ambalo kila kisiwa kililijua
kuwa ni la Taavetti, baba yake mzazi.
Ameandika: Dume. Kilo kumi na nne. Amezama.
Mstari wa mwenye wavu ameujaza. Jina kamili.
Babu hakusema naye hadi viazi vilipovunwa.
Kisha asubuhi moja akaja na nyavu zote begani,
akazitundika kwenye banda la mashua bila salamu,
na hadi leo zipo pale,
zinanasa vumbi.

Waliomuaga kazini walimpa saa ya ukutani.
Mama aliuliza kama wanamdhihaki.

Sasa ni Januari, na theluji haikuja.
Ilinyesha mvua Krismasi, ikanyesha mvua Mwaka Mpya,
na jike asiye na theluji hana pa kuchimba pango,
atazaa juu ya barafu tupu
mbweha na kunguru wakitazama.
Kwa hiyo tunalima.
Ndiyo, tunalima matuta ya theluji kando ya visiwa,
tunakwangua hiki kidogo kilichopo,
haba na haba, beleshi kwa beleshi,
hadi tuta lifike kifuani, lishindiliwe, liachwe.
Mbegu itajileta yenyewe kutoka chini
ikitaka.

Magoti ya mama yamekataa. Amekaa kwenye sleji,
blanketi mapajani, anaamuru:
"Hapo umejenga jeneza. Nani atazaa ndani ya jeneza?
Mviringo, Saimi, mviringo."
Nina miaka arobaini na minne, ni mhasibu,
viganja vimetoka malengelenge,
namchukia kidogo, nacheka.

Sikumwuliza kuhusu Aprili.
Maneno nilikuwa nimeyapanga garini njia nzima.
Yaliganda, kama wino.

Saa tisa alasiri, giza likishuka,
barafu iliguna chini yetu. Mama akainua kidole: nyamaza.
Pumzi? Pengine pumzi.
Pengine barafu inajinyoosha tu.
Hakusema.
Akavua glovu, akachomoa penseli nyuma ya sikio,
akaandika huku akinong'ona:
Tuta la kumi na tatu. Mita nane kutoka ufukweni.
Theluji haba. Mjenzi,
akasita, akalamba ncha ya penseli,
akaniuliza, kama karani asiyenijua,
"Jina lako kamili?"