Vipimo vya Oktoba

Baraza letu lipo Double Road, upande wa kivuli:
cherehani nne, pasi ya mkaa,
na mlima, asubuhi hiyo, umejifunika gubigubi kama mgonjwa wa homa.
Mwezi wa kampeni wagombea hushona kwa fundi wa mtaani.
Miezi mingine huvaa vya Nairobi.

Wa kwanza, Bwana Eliakimu. Kiuno, inchi arobaini na tatu.
Futi ikakwama ubavuni.
Samahani mzee, hapa pana kitu.
Akacheka, akaichomoa, akailaza mezani
juu ya satini nyeupe, gauni la kipaimara la Ndeshi wangu.
"Ina kibali," akasema. "Nikipita, kila mwenye shamba atapata yake,
bila kuzungushwa polisi mwaka mzima."

Sikumpinga haraka.
Kaka yangu Anaeli, kule Kibosho, alivunjwa taya na wezi wa kahawa
akiwa na panga, na tochi isiyo na betri.
Kaka yangu huyohuyo, akishiba mbege,
hugombana hata na kivuli cha mkewe.
Nikampa bunduki, kichwani mwangu. Nikamnyang'anya.
Nikampa tena.
Hatibu, mwanafunzi wangu, miaka kumi na mitano,
alikuwa amesahau kukanyaga cherehani;
macho yake yalikwisha kuishika.

Wa pili alitaka suti na kanzu,
nyumba mbili za ibada, mwili mmoja.
Nimepiga goti napima mguu, akaniuliza kwa upole,
"Mama, wewe ni wa Ijumaa au wa Jumapili?"
Nikamjibu, leo Jumanne.
Kwangu Rajabu huamka alfajiri akatia udhu,
mimi huenda kwaya usharikani,
sufuria ni ileile,
na ugomvi wetu mkubwa hadi leo ni chumvi.
Yule bwana akaandika kitu kwenye simu.
Tangu hapo najikuta nahesabu wateja: huyu wetu, huyu wao.
Hesabu hiyo sikuwa nayo. Yeye ndiye aliyeniachia,
pamoja na malipo ya awali.

Wa tatu, Nasieku, kijana, viatu vya vumbi.
"Nishonee pana, mama. Isinibane popote."
Mtu aseme atakalo, avae atakalo,
serikali isichungulie dirishani kwa watu.
Nilimpenda. Kwa nini niseme uongo?
Nikamwambia tu, hata gauni pana lina vipimo vyake,
lisipokuwa navyo litakuvuka Mbuyuni, katikati ya nyanya.
Tukacheka.
Hatibu akadakia: mimi ningekuwa na umri, ningempa yule wa bastola.
Kicheko kikakatika kama uzi mbovu.
"Huyu," akasema Nasieku, "mnamlea namna gani?"
Bado namdai elfu kumi na mbili.

Usiku nikafungua daftari.
Mabega, kifua, kiuno, mkono.
Nikasoma namba zao mpaka koroboi ikaanza kunuka,
nikaona najua kila kitu chao isipokuwa bitana.

Siku yenyewe, foleni ya shule ya msingi,
futi ilikuwa bado shingoni, nimeisahau.
Msimamizi akaniamuru niivue,
kana kwamba ni bendera ya chama.
Nikaikunja kiganjani.
Nyuma ya boksi la kadibodi nilisimama mno.
Mtu akakohoa.
Nikatia alama.

Rajabu akauliza, umempa nani?
Nikamwambia, shati lako halina kifungo, lete.

Lile doa la mafuta ya bastola
lilikataa ndimu, likakataa majivu, likakataa sabuni ya mche.
Nikashonea ua juu yake, hapo nyongani.
Wanawake wa usharika wakalisifu, wakauliza mtindo wa wapi huo.
Ndeshi alipopiga goti mbele ya mchungaji
mkono wake mmoja haukukunjwa kusali;
ulibaki pale, umefunika ua.